Kuchora Habari za Nchi Ukutani

Mto Kagera huteremka toka kusini kwenda kaskazini, kisha hugeuka kuelekea mashariki, hata ukaingia katika Ziwa Victoria. Katika sehemu ndefu ya safari yake mto huu ni mpaka. Upande mmoja ni Tanzania, nchi za Karagwe na Kyerwa. Upande wa pili ni Rwanda, na huko kaskazini ni Uganda. Kyerwa ilikuwa sehemu ya wilaya ya Karagwe mpaka mwaka 2012, ndipo ikafanywa wilaya peke yake. Kiruruma ni kata mojawapo ya Karagwe, na watu wake, kama jirani zao wote, hukaa juu ya vilima na katika mabonde, kati ya migomba na mibuni na maharagwe. Wengi wao ni Wanyambo, lakini si wote, na habari ya hao wengine itakuja mbele.

Ng'ambo ya Kagera iko nchi ambayo zamani iliitwa Gisaka. Ilikuwa na wafalme wake yenyewe, hata katika karne ya 19 ikatwaliwa na wafalme wa Rwanda. Ufalme wa Gisaka umekwisha. Walakini kitu kimoja cha nchi ile hakikufa, nacho ni kazi ya wanawake ya kupamba kuta za nyumba. Wazee husimulia ya kwamba mwanzilishi wake alikuwa mwana wa mfalme, jina lake Kakira, mwana wa Kimenyi, ambaye alipenda nyumba yake iwe safi na ya kupendeza kuliko nyumba zote. Kazi hiyo huitwa imigongo. Neno hilo ni la Kinyarwanda, lakini Mnyambo hulifahamu bila mkalimani, na Mswahili pia, kwa maana ni migongo tu. Ukutani huinuliwa matuta membamba, kama mgongo wa ng'ombe aliyekonda au mgongo wa kilima, na matuta hayo hupangwa yakawa mapambo.

Kitu kinachotumiwa kufanya matuta ni mavi ya ng'ombe. Mtu asicheke. Nyumba ngapi za Afrika zimesiririwa kwa mavi ya ng'ombe, na sakafu yake ikawa ngumu na safi, bila vumbi! Mwanamke huchukua mavi mabichi, na yale ya ndama husifiwa kwa kuwa ni laini, akayachanganya na majivu. Majivu huondoa harufu, tena huwafukuza wadudu. Kwanza huchora mistari ukutani kwa kaa. Kisha hufuata mistari ile kwa vidole, akitia mchanganyiko kidogo kidogo, akiukaza na kuuinua, mpaka tuta limesimama. Kazi huachwa ikauke siku kadhaa. Ikikauka, husuguliwa kwa jiwe mpaka iwe laini, ndipo hupakwa rangi.

Rangi za asili zilitoka palepale nyumbani na shambani. Nyeupe ni udongo mweupe. Nyekundu ni udongo mwekundu. Nyeusi ndiyo yenye kazi nyingi: huchomwa maganda ya ndizi mpaka yawe majivu meusi, kisha majivu huchanganywa na utomvu wa mshubiri na maji ya tunda la tunguja la porini, ili rangi ishike wala isitoke mtu akiigusa. Basi ng'ombe, mgomba, mshubiri na udongo, vyote vinavyoonekana Karagwe kila siku, vimekutana katika ukuta mmoja. Mapambo yenyewe si picha za watu wala za wanyama. Ni mistari iliyovunjika-vunjika kama njia ya nyoka, na miraba iliyosimama kwa pembe, na mizunguko inayojikunja kama ganda la konokono. Mama humfundisha binti yake, na binti huongeza la kwake, lakini macho ya mtu aliyezoea huitambua kazi ya Gisaka mara moja.

Katika mwaka 1994 kazi hii ilikaribia kupotea. Mwaka huo, katika mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu wengi mno waliuawa pande zile, hata ndani ya kanisa la Nyarubuye walimokimbilia kutafuta usalama, na pamoja nao walikufa wengi waliojua kutengeneza imigongo. Baadaye wanawake waliosalia, na wengine wao walikuwa wajane, walianza tena. Walijiunga katika ushirika, wakafanya kazi pamoja chini ya dari moja. Kwa kuwa nyumba za siku hizi ni za matofali na saruji, wao hufanya matuta yao juu ya mbao, watu wakanunua na kutundika katika nyumba zao. Ukuta sasa huchukuliwa kwapani. Yuko atakayesema ya kwamba jambo hilo limeishusha kazi ile ikawa ya sokoni. Lakini wajane wale walikuwa na watoto wa kulisha, na kama wasingalipata wanunuzi, yamkini leo hakuna hata kidole kimoja kinachojua kuinua tuta.

Kuchora ukutani si jambo geni upande wa Tanzania wala. Katika Bwanjai, kaskazini ya mji wa Bukoba, zipo picha zilizochorwa juu ya mwamba kwa rangi nyekundu: watu na ng'ombe, waliofanywa kwa mistari michache tu, wala jina la mchoraji halijulikani. Mwamba ule ni ukuta usiojengwa na mtu. Na mbali sana, katika nchi ya Mexico, mchoraji Diego Rivera alitumia miaka kadhaa, tangu 1929 hata 1935, kuchora habari za nchi yake juu ya kuta za ngazi katika jumba la serikali katika mji wa Mexico. Aliwachora wenyeji wa kale na miungu yao, na Wahispania waliokuja kuwashinda kwa farasi na bunduki, na watumwa na mapadre na wakulima na wafanya kazi wa viwanda, wote wamesongamana kama watu wa gulio. Mtu asiyejua kusoma hupanda ngazi zile polepole, akazifahamu habari za miaka 400.

Hapo ndipo lilipo jambo gumu. Ukuta wa Gisaka haumtaji mtu, basi hakuna mtu wa kunung'unika. Lakini ukuta unaotaka kusimulia habari za nchi hauna budi kuwatia watu, na ukiwatia wengine utawaacha wengine. Chukua mfano. Wanafunzi wa shule ya Kiruruma wamepewa ukuta mmoja, urefu wake hatua ishirini, waambiwe: Chorani habari za Karagwe, kila mtu na atie mkono wake. Wataanza na nani?

Wengi watasema: na Ruhinda. Maana wazee husimulia ya kwamba Ruhinda alifika na ng'ombe wake, akamshinda Nono, mtawala wa ukoo wa Wasiita, akaanzisha ufalme wa Wahinda. Toka kwake walitoka wafalme wa Karagwe, na watu wa jamii yake walitawala katika nchi nyingine za jirani pia. Mfalme aliitwa Omukama, na ng'ombe wenye pembe ndefu walikuwa utajiri wake na sifa yake. Ni picha nzuri, tena ni rahisi kuchora, kwa kuwa kila mtoto ajua kuchora pembe.

Walakini kama Ruhinda alimkuta Nono, basi nchi ilikuwa na watu kabla yake. Wasiita na koo nyinginezo walikuwa wakilima, tena kati yao walikuwako wahunzi. Mkulima wa nchi za Kagera akilima shamba jipya, mara nyingine jembe lake hugonga kitu kizito, cheusi, chenye vitundu kama sifongo. Hayo ni mavi ya chuma, yaani takataka zilizobaki watu wa kale walipoyeyusha mawe ya chuma katika tanuri. Katika Katuruka, upande wa Bukoba, wataalamu wamechimba na kuona mabaki ya tanuri za chuma zenye umri wa zaidi ya miaka 2000. Kwa hiyo, zamani sana kabla ya Ruhinda, watu wa nchi hizi walikuwa wakivukuta mivukuto, wakachoma makaa, wakapata jembe la kulimia na mkuki wa kulindia. Majina yao hayakukumbukwa. Lakini ukuta usiokuwa na tanuri karibu na mwanzo wake, huo haukusema kweli.

Je, mhunzi na mfugaji walikuwa adui? Katika kuchora ni rahisi kuwaweka pande mbili, huyu na nyundo yake, yule na fimbo yake, wamekunjiana uso. Jibu lililo bora hutoka katika hazina ya wafalme wenyewe, pale Bweranyange, uliokuwa mji wa Omukama. Humo viliwekwa vitu vya heshima ya ufalme, navyo vilikuwa vya ajabu. Walikuwamo ng'ombe wadogo waliofuliwa kwa chuma, pembe zao zimepinda kwenda juu. Zilikuwamo nyundo na fuawe za chuma, ambazo hazikufanywa kwa kufulia jembe, bali kwa kuonyesha enzi, kwa maana katika falme za nchi za maziwa makuu nyundo ilikuwa alama ya mfalme. Msafiri Henry Morton Stanley, aliyefika kwa mfalme mwaka 1876, alionyeshwa nyumba ya hazina, akaandika habari za mabata ya shaba, na ng'ombe wa shaba wasio na vichwa, na mikuki iliyofuliwa kwa ustadi mkubwa.

Ng'ombe huyo wa chuma yafaa atazamwe sana. Ng'ombe ni fahari ya mfugaji. Chuma ni kazi ya mhunzi. Ng'ombe wa chuma basi ni wa nani? Hakuna awezaye kumgawanya, mmoja achukue umbo na mwingine achukue chuma. Wafalme wa Wahinda walifahamu ya kuwa hawawezi kutawala kwa ng'ombe peke yake, nao waliichukua nyundo ya watu waliowatangulia, wakaifanya kuwa yao. Hivyo kitu kimoja kidogo, kinachoweza kushikwa mkononi, kilikusanya habari za watu wa namna mbili. Wanafunzi wakiwa na nafasi ya picha moja tu katika ukuta wote, na wamchore ng'ombe huyo.

Kisha huja picha ambayo kila mtu huijua kwa kuisoma katika vitabu. Mwezi wa Novemba mwaka 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika kwa mfalme Rumanyika Orugundu. Walikuwa wakitafuta chanzo cha mto Nile. Rumanyika aliwapokea kwa hisani kubwa, akawauliza maswali mengi juu ya nchi za mbali. Speke aliendelea na safari kwenda Buganda mwezi wa Januari 1862, lakini Grant aliachwa Karagwe kwa kuwa alikuwa na donda baya la mguu, wala hakuweza kuondoka mpaka mwezi wa Aprili. Miezi hiyo yote alikaa katika ulinzi wa Rumanyika, naye alikula chakula cha nchi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, watu husema. Hapa mwenyeji ndiye aliyempa mgeni nafasi ya kupona.

Grant alikuwa mchoraji. Katika safari ile alichora picha nyingi za rangi juu ya karatasi, na picha zake zimehifadhiwa katika mji wa Edinburgh. Karatasi zile zilisafiri zikaenda mbali, na watu wa huko wakaiona Afrika yetu kwa macho ya mtu mmoja. Haikuwa kosa lake. Alichora alichokiona na kukipenda. Lakini aliona kama mgeni aonavyo. Ziwa dogo lililokuwa chini ya mji wa mfalme Waingereza hao waliliita Windermere Ndogo, kwa sababu liliwakumbusha ziwa la kwao, kana kwamba ziwa lile halikuwa na jina siku zote.

Basi wageni hawa wachorwe au wasichorwe? Wako watakaosema waachwe, maana wamekwisha kuandikwa vya kutosha. Wako watakaotaka wawekwe katikati, wamevaa kofia zao, na mfalme ameketi pembeni akiwatazama. Shauri la pili ni baya kuliko la kwanza. Picha ya haki ni ile inayomweka Rumanyika katikati, kwa kuwa mji ulikuwa wake na ukarimu ulikuwa wake, na wageni wamesimama mbele yake wakisubiri. Tena na wasisimame wawili tu. Pamoja nao alikuwako Sidi Mubarak Bombay, mtu wa kabila la Wayao, aliyechukuliwa utumwani angali mtoto akapelekwa India, akarudi Afrika mtu huru, akawa mkuu wa wapagazi na mkalimani. Na nyuma yake wapagazi, ambao mabegani mwao safari yote ilikwenda.

Liko neno moja katika kitabu cha Speke ambalo msomaji wa Kiswahili hatalipita upesi. Aliandika ya kwamba maamkizi ya kwanza ya Rumanyika yalitamkwa kwa Kiswahili kizuri. Mfalme wa Karagwe, mbali sana na pwani, mwaka 1861, alikuwa akisema Kiswahili! Aliipata wapi lugha hiyo? Jibu liko Kafuro, karibu na mji wa mfalme, ambako wafanya biashara toka pwani na Tabora walikuwa na kituo chao. Waarabu na Waswahili walileta nguo, shanga na waya za shaba, wakanunua pembe za ndovu. Mhindi mmoja, Musa Mzuri, aliyekuwa na nyumba yake Tabora, ndiye aliyemsaidia Rumanyika alipogombea enzi na ndugu yake Rogero. Kwa hiyo ukuta wa Karagwe una haki ya kuwa na kanzu na kilemba, na mzani wa kupimia pembe. Na katika jambo hili ukweli mwingine usifichwe: wengi wa wafanya biashara wa nyakati zile walinunua na watu pia, na mnyororo ulikuwa sehemu ya biashara yao katika njia za bara.

Wanawake wako wapi? Katika kitabu cha Speke wanaonekana kwa namna moja hasa. Wake wa watu wakuu walinyweshwa maziwa mengi mpaka wakanenepa mno, kwa kuwa huo ndio ulikuwa uzuri na dalili ya utajiri, na Speke alimpima mmoja wao, aliyekuwa mke wa ndugu wa mfalme, akaandika vipimo vyake kitabuni. Wasomaji wa Ulaya walishangaa na kucheka. Lakini mwanamke yule alisema nini? Aliwaza nini juu ya mtu aliyemzungushia utepe? Hayo hayakuandikwa kwa kirefu kama vile vipimo. Na wale waliolima viazi na maharagwe, waliosuka vikapu na mikeka, waliomenya ndizi jioni, hao hawakupimwa wala hawakuandikwa. Mchoraji wa ukuta ana nafasi ya kuwaandika kwa rangi. Si jambo dogo kwamba ng'ambo ya mto wanawake ndio wenye ukuta.

Baada ya Rumanyika kufa mwaka 1878 mambo yaligeuka upesi, na ukuta nao waweza kwenda upesi. Mwaka 1890 Emin Pasha alijenga ngome ya Wadachi pale Bukoba. Karibu na wakati huo huo sotoka iliingia, ugonjwa wa ng'ombe ulioteketeza mifugo ya Afrika ya Mashariki, na malisho ya Karagwe yakajaa mifupa. Ng'ombe wa nyama walikufa, na ng'ombe wa chuma wakabaki. Kisha Waingereza wakatawala badala ya Wadachi. Kahawa, ambayo watu wa Kagera walikuwa wameijua tangu zamani kwa kutafuna buni zilizochemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, ikawa zao la kuuza. Katika vilima vya Kyerwa yakachimbwa mawe ya bati. Makanisa na shule vikajengwa. Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961, na utawala wa machifu ukafutwa mwaka 1963. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia katika nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera, yakafukuzwa, na vita vikaisha mwaka 1979. Mwaka 2019 mapori mawili ya akiba yakafanywa kuwa hifadhi za taifa, na moja likapewa jina la Rumanyika mwenyewe. La pili ni Ibanda-Kyerwa.

Katika hayo yote wanafunzi watachagua watakalo, wala si lazima kuchora kila mwaka. Lakini sehemu moja haifai kukimbiwa, ijapokuwa italeta ubishi darasani. Watu wamevuka mto Kagera wakikimbia mara nyingi. Katika miaka ya 1960 wakimbizi wa Rwanda walikaribishwa pande za Nkwenda, ambako sasa ni Kyerwa, wakapewa mashamba. Mwezi wa Aprili 1994 umati wa watu, yapata robo ya milioni, walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa kama siku moja. Na wengine wengi walipiga kambi Karagwe. Miti ilikatwa kwa kuni, visima vilikauka, wenyeji waliona taabu. Wako wazee watakaosema: hao walikuwa wapita njia, wasitiwe ukutani. Na katika darasa lilo hilo yumkini ameketi mtoto ambaye nyanya yake alivuka mto ule na mtoto mgongoni. Je, huyo achore babu wa nani?

Ruhinda pia alifika. Wafanya biashara wa Kafuro walifika. Wahaya waliotoka upande wa ziwa wakitafuta ardhi walifika. Mgomba wenyewe haukuanzia Afrika. Asili yake ni nchi za Asia ya kusini-mashariki, nao leo ndio chakula na kivuli cha nchi nzima. Mtu akitaka kumtoa ukutani kila aliyekuja, atabaki na kilima kitupu.

Liko shauri la kazi yenyewe. Watu wengi wakichora ukuta mmoja, kila mmoja kwa mapenzi yake, pembe za ng'ombe wa huyu zitafika juu ya kichwa cha mfalme wa yule, na rangi zitagombana. Dawa yake haiko katika kumchagua fundi mmoja achore yote, na wengine wamshikie kopo. Wanawake wa imigongo wameonyesha njia nyingine: rangi ni chache, na tuta lina unene wake unaojulikana, na ndani ya sheria hizo kila mtu ana uhuru. Basi wanafunzi wakubaliane kwanza juu ya rangi nne, si zaidi, na urefu wa mtu mmoja uwe shibiri mbili, awe mfalme au mpagazi. Jambo hili la mwisho litaonekana dogo. Lakini jaribu kulitimiza: mkono wenyewe hutaka kumfanya mfalme mrefu, na Mzungu mrefu zaidi, na mpagazi mfupi.

Pia mapatano yafanywe kabla ya kushika rangi, kwa maana mstari wa kaa hufutika kwa kitambaa, lakini tuta likikauka halibomoki ila kwa patasi. Kama wawili hawapatani juu ya habari fulani, mathalani kama Nono alishindwa kwa vita au kwa hila, na waulizwe wazee wa koo zote mbili; wala si haramu kuchora masimulizi yote mawili, moja kando ya jingine.

KAZI. Kila mwanafunzi amwulize nyumbani mzee mmoja, bibi au babu: jamaa yetu walikuja hapa toka wapi, walileta nini, na walimkuta nani? Aandike majibu katika daftari yake kwa maneno ya mzee huyo huyo. Kisha alete shuleni udongo wa rangi moja toka karibu na kwao, kiasi cha kikombe, na kaa kidogo. Udongo upondwe, uchekechwe kwa kitambaa, utiwe maji, ujaribiwe juu ya kipande cha ubao kilichosiririwa kwa mavi ya ng'ombe na majivu. Ubao uachwe kivulini siku tatu. Ukipasuka, majivu yalikuwa machache, au mchanganyiko ulikaushwa juani, ufanywe tena. Rangi ikitoka kwa kidole, itiwe utomvu wa mshubiri. Ukuta wenyewe usiguswe kabla mbao za darasa zima hazijakauka.